Kazi, Adhana na Saa ya Ukutani

"Kazi mbi si mchezo mwema," walisema wazee wetu, nao hawakuwa watu wa kukaa bure. Nimeanza na methali hii kwa sababu kuna neno limezuka maofisini, nalo laletwa kwetu kana kwamba ni bidhaa mpya iliyoteremshwa juzi Kilindini. Ni habari ya saa za kazi zinazonyumbuka: mfanyakazi asifungwe na saa ileile ya kuingia na saa ileile ya kutoka, apewe nafasi ya kupanga baadhi ya saa zake mwenyewe, maadamu kazi yatimia. Wako wanaolishangilia neno hili, na wako wanaolikunjia uso. Kwa hawa wa pili husikika maneno ambayo sisi watu wa pwani twayajua tangu utotoni: kwamba hizo ni njia za wavivu, na kwamba mpwani akifunguliwa kamba harudi kazini.

Nataka leo, wasomaji wapenzi, tuyapime maneno hayo kwa mizani ya haki. Kwa yakini jambo hili latugusa sisi kuliko wengi, maana kila Ijumaa ikifika kuna Mwislamu katika mji huu ambaye huitazama saa ya ukutani kwa jicho moja na mlango kwa jicho la pili, asijue amtii nani.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wako wasemao "saa za kulegezwa." Mimi silipendi neno hilo, kwa kuwa kilicholegea karibu kitaanguka, na ulegevu kwetu haujapata kuwa sifa. Kunyumbuka ni jambo jingine. Ufito mbichi hunyumbuka: waupinda kuufuatisha ukuta, nao haukatiki, na ukisha kufungwa kamba ndio unaoshika nyumba. Basi hayo ndiyo makusudio ya saa zinazonyumbuka. Zipinde, lakini zishike nyumba.

SAA YETU YA ASILI

Sasa hebu tujiulize: je, jambo hili ni geni kwetu? Hasha. Mswahili ana saa yake inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na usiku wake huanza jua linapotua. Ndiyo maana mtu akisema "usiku wa Ijumaa" mzee wa mtaani hufahamu ule wa kuamkia Ijumaa, ambao mwenye kalenda ya ukutani auita Alhamisi usiku.

Hata juma letu limejengwa juu ya ibada. Hesabu mwenyewe: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, kisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hapo hesabu yakatika. Yaja Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kisha Ijumaa, siku ya kukusanyika. Wenzetu Waarabu huanza kuhesabu na Jumapili, sisi twaanza baada ya Ijumaa, na kwa hiyo tumejikuta tuna siku mbili za "tano" zilizofuatana. Mwanafunzi huliona hili kuwa kichekesho. Mimi naliona kuwa ushahidi: watu walioipanga hesabu hii waliuzungusha wiki mzima juu ya adhuhuri moja.

Nenda baharini uone. Mvuvi wa Vanga, wa Gazi au wa Lamu hakupiga kadi mlangoni. Saa yake ni mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Aliyetoka leo alfajiri, baada ya juma moja maji yaleyale humkuta karibu saa 6 mbele. Bamvua lina kazi zake na maji mafu yana kazi zake. Mvuvi huyo ukimwamrisha aingie baharini saa 2 kamili asubuhi, mwaka mzima, utamuua njaa na wewe mwenyewe hutakula samaki.

Nahodha naye alikuwa na kaskazi na kusi. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ukavirudisha. Katikati yake palikuwa na miezi ya kukweza vyombo, kukalafati na kushona matanga. Watu hao walikuwa na mwaka wa jua wa kuhesabia kazi zao, unaoanza Nairuzi, wenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada. Kwa hesabu hiyo walijua lini kupanda na lini kusafiri. Nani atathubutu kusema hao hawakuwa na nidhamu ya wakati?

Mkulima alipimiwa ngwe. Akiimaliza ngwe yake, kazi yake ya siku imekwisha, hata jua likiwa bado liko juu. Nasema haya bila ya kusahau kwamba ngwe hiyohiyo walipimiwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu hadi mwaka 1907. Sitaki mtu anisome akadhani kuwa zamani ilikuwa pepo. Ninalosema ni kwamba kupima kazi kwa kazi yenyewe, badala ya kuipima kwa mshale wa saa, hatukufundishwa na mgeni.

Na sisi tuliosomeshwa chuoni twakumbuka. Tukisoma kabla ya kwenda skuli, tukarejea chuoni alasiri, na Alhamisi ada ikatolewa kwa mwalimu, na Ijumaa hapana chuo. Mwalimu wetu alikuwa akishona kofia huku akisikiliza midomo ishirini ikisoma sura mbalimbali, na ole wako ukikosea hapo penye idghamu! Kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zikitimia.

KIBARUA NA BANDARI

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na Kilindini ilipopanuliwa baadaye, ndipo saa ya ukutani ilipokuja kukaa kitini. Kazi ikawa haingoji maji wala mwezi, yangoja king'ora.

Lakini hata hapo watu hawakukubali mara moja. Tazama neno "kibarua." Asili yake ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kiwe ushahidi wa kazi yake. Jina la karatasi likawa jina la kazi, likaishia kuwa jina la mtu. Kwa miaka mingi makuli wa bandari yetu walikuwa vibarua wa namna hiyo. Kuli alifanya kazi siku azitakazo, siku nyingine akalima shamba lake Likoni au Kisauni, akahudhuria maziko na harusi. Wakubwa wa serikali ya kikoloni wakamwita mvivu. Yeye alijiona mtu huru.

Uhuru huo, hata hivyo, ulikuwa na bei. Meli isipofika, chungu hakipandi mekoni. Akiumia kwa kuangukiwa na gunia, hapana wa kumjua. Mji huu uliona migomo ya bandarini mwaka 1934, mwaka 1939, mwaka 1947 uliposimama karibu mji mzima, na mwaka 1955. Katika miaka hiyo ya 1950 ndipo waajiri walipoanza kuwaandikisha makuli na kuwafanya wafanyakazi wa kudumu. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu juu ya makuli wa Mombasa kilichotoka mwaka 1987, aonyesha kwamba ugomvi ule haukuwa wa mshahara peke yake. Ulikuwa pia ugomvi wa kujua ni nani mwenye wakati.

Swali hilo halijajibiwa hata leo. Ndilo lililovaa kanzu mpya na kuitwa saa zinazonyumbuka.

LILIVYOANZA UJERUMANI

Katika nchi za viwanda mtindo huu wajulikana kuwa ulianza Ujerumani Magharibi, mwaka 1967, katika kampuni ya ndege iliyokuja baadaye kuitwa Messerschmitt-Bölkow-Blohm huko Ottobrunn, karibu na mji wa München. Sababu yake haikuwa huruma. Maelfu ya wafanyakazi walikuwa wakifika langoni kwa wakati mmoja, magari yakasongamana, watu wakachelewa na kuingia kazini wamekwisha kuchoka. Basi wakaambiwa: kuna saa za katikati ambazo lazima kila mtu awepo, ili watu waonane na kazi iendeshwe pamoja. Lakini kuingia asubuhi na kutoka jioni, kila mtu achague ndani ya mpaka uliowekwa, mradi hesabu ya saa zake itimie. Msongamano ukapungua, na mtindo ukaenea Ulaya.

Uingereza wakaenda mbele wakaliweka jambo hili katika sheria. Tangu mwaka 2003 wazazi wenye watoto wadogo walipewa haki ya kuomba saa zao zibadilishwe. Mwaka 2014 haki hiyo ikapewa wafanyakazi wote waliokwisha kutumikia wiki 26, na tangu Aprili 2024 mtu aweza kuomba tangu siku ya kwanza ya kazi. Haki yenyewe ni ya kuomba. Mwajiri aweza kukataa, lakini lazima awe na sababu ya kibiashara iliyo wazi.

Kisa cha lango la Ottobrunn kikinijia huikumbuka feri ya Likoni. Kila asubuhi umati hujipanga kuvuka, na kila jioni umati uleule hujipanga kurudi, kwa sababu mji mzima umeambiwa uingie kazini wakati mmoja. Ikiwa nusu ya maofisi ya kisiwani yangaliruhusu watu waingie saa 1 na nusu yake saa 3, hapana daraja lililojengwa wala feri iliyonunuliwa, lakini mama mwenye mtoto mgongoni angepata mahali pa kusimama.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamwachia mwajiri kupanga saa za kazi, mradi asivunje sheria, na yampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Kanuni za jumla za mishahara zaweka mpaka wa saa 52 kwa wiki, zilizogawiwa siku 6. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yatambua haki ya mtu kuidhihirisha dini yake kwa ibada, pamoja na kuiadhimisha siku yake ya ibada, na yakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake.

Basi mlango uko wazi, hata kama haukuandikwa juu yake. Na tulikwisha kuuona ukipitwa. Mwezi wa Machi mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, serikali ilitaka wanaoweza kufanya kazi nyumbani wafanye hivyo, kisha ikaja kafyu ya usiku. Mei mwaka huohuo, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa, watu wasiingie wala wasitoke. Katika majumba yetu yale ya vyumba vidogo na ngazi nyembamba, karani alifungua kompyuta juu ya sinia la kulia, akafanya hesabu za watu hali watoto wakimpanda mabegani. Waliokuwa wakisema kazi haiwezekani ila chini ya jicho la msimamizi, walipokea mahesabu yao mwisho wa mwezi kama kawaida.

ADHUHURI YA IJUMAA

Sasa tuje penye kiini. Sura ya 62 ya Qur'ani, iitwayo Al-Jumua, katika aya ya 9 na ya 10, yawaamrisha waumini wakiitwa kwenye sala ya Ijumaa waache biashara waende kumkumbuka Mwenyezi Mungu, na sala ikisha watawanyike katika ardhi watafute fadhila zake. Tafadhali izingatie amri hiyo. Haikufanya Ijumaa kuwa siku ya kulala. Kuna kazi kabla, kuna kusimama, na kuna kazi baada. Kama kuna mfano wa saa za kazi zilizonyumbuka pasina kuvunjika, ni huo.

Na kwa mwajiri wa Mombasa jambo hili ni jepesi kuliko kwa mwajiri wa London. Sisi tu karibu na mstari wa ikweta, na jua letu haliyumbi sana. Mwaka mzima, jua hupita utosini kati ya saa 6 na dakika 5 na saa 6 na dakika 35 mchana, kwa kukisia. Mtu aweza kupanga ratiba ya mwaka Januari asiiguse tena hadi Desemba.

Hebu tupige hesabu ya dukani. Ofisi nyingi hutoa saa 1 ya chakula cha mchana. Sala ya Ijumaa, pamoja na kutia udhu, kwenda, hotuba na kurudi, tuseme yachukua saa 1 na nusu. Tofauti ni nusu saa. Dakika 30 ukizigawa kwa siku 5 za kazi, ni dakika 6 kwa siku. Ugomvi wote huu, barua zote za maonyo, chuki yote hii, ni kwa ajili ya dakika 6, ambazo mtu angezilipa kwa kuingia kazini kabla chai haijamiminwa!

Nilipata kufanya kazi, miaka mingi iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa Waislamu watatu. Tukaandika barua kwa adabu, tukasema tutaingia nusu saa mapema kila Ijumaa, nasi tuachiwe nusu saa hiyo mchana. Jibu likaja kwa mstari mmoja: saa za kazi ni saa za kazi. Tukawa twakatwa mshahara kwa nusu saa ile. Waliotoka kwenda benki hawakukatwa, wala waliosimama uani wakivuta sigara. Mwenzetu mmoja, karani hodari ambaye vitabu vyake havikuwa na kifutio, akavumilia miezi kadhaa kisha akaacha kazi. Alikuwa na mama mgonjwa na wadogo wanaosoma. Ofisi ilipoteza karani, na nyumba ile ikapoteza mshahara. Hapana aliyefaidika, hata ile saa ya ukutani.

Wenzetu wa Ghuba, walikokwenda ndugu zetu wengi kutafuta riziki, wamelitengeneza jambo hili kwa namna zao. Oman ilihamisha mapumziko ya wiki mwaka 2013 kutoka Alhamisi na Ijumaa yakawa Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, ofisi za serikali kuu hufanya kazi nusu siku Ijumaa, na mapumziko yakawa Jumamosi na Jumapili. Na mwezi wa Ramadhani, sheria ya huko yapunguza saa 2 za kazi kwa siku. Sisi twaishi katika nchi ya dini mbalimbali, hatuwezi kudai yote hayo. Lakini mfanyakazi aliyeamka kula daku, akaomba aingie saa 1 atoke saa 9 apate kufika nyumbani kabla ya maghribi, hakuomba mapumziko. Ameomba kuhamisha.

KINA MAMA

Tusidhani jambo hili ni la wanaume waendao msikitini tu. Ni nani aliye na siku ndefu kuliko mwanamke wa mtaani petu? Ameamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda unga wa mahamri, ametia mbaazi mekoni, amewavisha watoto sare, kisha aambiwa awe ofisini saa 2 kamili ametulia kama aliyelala saa kumi. Sheria yampa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ni jambo jema. Lakini mtoto hamalizi kumhitaji mama mwezi wa tatu ukisha. Mama akipewa saa 1 ya kuchelewa asubuhi na kuilipa kwa namna nyingine, huenda akabaki kazini miaka ishirini. Akinyimwa, aondoka, na elimu yote tuliyomsomeshea yarudi jikoni.

TAHADHARI MBILI

Hata hivyo, sitaki tushangilie kwa macho yaliyofumbwa. Nina tahadhari mbili.

Ya kwanza ni kwa waajiri. Kuna kunyumbuka kunakomfaa mfanyakazi, na kuna kunyumbuka kunakomvunja mgongo. Mtu anayeambiwa "kaa na simu yako, tukikuhitaji tutakupigia" hakupewa uhuru. Amerudishwa kwenye kibarua cha babu yake, na tofauti ni kuwa karatasi imekuwa simu. Hulipwa saa alizoitwa, na zile alizongoja ni hasara yake. Ndiyo sababu kifungu cha 37 cha ile Sheria ya Ajira chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika katika miezi 3, ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi na haki zake. Ndugu vibarua wa mahoteli na maghala, kijueni kifungu hicho kama mnavyoijua namba ya simu ya nyumbani.

Ya pili ni kwetu sisi. Wakati wa mwajiri ni amana, na amana ina hesabu yake Akhera. Yuko miongoni mwetu atokaye saa 6 kwenda kusali, sala ikaisha, naye akapitia barazani kwa kahawa tungu na kashata, akasikiliza siasa za mji mzima, akarejea ofisini saa 9 na tasbihi mkononi. Huyu ndiye adui wa Ijumaa yetu. Kila dakika aliyoiba hulipwa na kijana atakayekuja baada yake kuomba ruhusa kwa haki. Aya ile haikusema "tawanyikeni mkae barazani."

Basi ushauri wangu ni mfupi. Wafanyakazi wasingoje ugomvi ndipo waseme: waandike mapema, kwa adabu, waonyeshe dakika watakazotoka na dakika watakazolipa. Vyama vya wafanyakazi vikienda kuandika mapatano na waajiri, viitie habari ya Ijumaa, ya Ramadhani na ya wazazi katika karatasi, visiiache mikononi mwa moyo wa meneja, maana meneja huja na huondoka. Na waajiri wapime kazi iliyofanywa kabla ya kuupima mshale wa saa. Nami nawaachia beti hili:

Saa ni chombo cha mtu, mtu si chombo cha saa,
Kazi ni wajibu wetu, hatuiiti balaa,
Ila na ibada yetu, si jambo la kukataa,
Na tupatane kwa utu, mambo yapate kukaa.

Ijumaa ijayo, msomaji mwenye ofisi, kabla ya adhana, muulize mfanyakazi wako Mwislamu angependa kuzilipa vipi dakika 6 zake za kila siku. Nina hakika anayo hesabu tayari.